Kikohozi cha Baba Mkwe

Nimeishi miaka kumi na miwili katika ua mmoja na mwanamume ambaye uso wake siujui. Mgongo wake naujua. Nalijua koti lake refu la rangi ya majivu, lililochanika kwapani, na namna alivyokuwa akiutupa mguu wa kulia nje kidogo anapopanda kilima. Ukinipa picha kumi za wazee uniambie nimchague, nitaaibika mbele ya watu. Lakini wapange wazee hao kumi nyuma ya ukuta, wakohoe mmoja mmoja, nami nitakuambia yeye ni yupi na kama usiku alipata usingizi.

Alikuwa baba mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu mtoto wa kike hufunzwa salamu kabla hajajua kujifunga khanga. Ukimwona mkubwa unamkimbilia, unampokea mzigo, unamwamkia, unaushika mkono wake unaubusu, na asipoitikia unarudia, maana huenda hakusikia. Kumpita mkubwa kimya ni kosa ambalo mama yangu alilishughulikia kwa kandambili, na hakuwa mtu wa kukosa shabaha. Kwa hiyo nilipoolewa na kupelekwa milima ya Ileje, sikuwa na wasiwasi na wakwe. Nilijua adabu. Nilikuwa nazo nyingi kiasi cha kuwagawia wengine.

Mume wangu nilimpata Tanga. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kamba za mkonge, mimi nashona sare za shule barazani kwa shangazi yangu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, wafanyakazi wanapewa bahasha na mkono wa kwaheri. Naye akapewa vyake. Akasema twende kwao, kuna kahawa, kuna nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga alipokuwa na kazi, na baba yake yuko peke yake tangu mama afariki. Nikakifunga cherehani changu kwa magunia matatu, tukasafiri siku tatu, ya mwisho juu ya lori kutoka njiapanda ya Mpemba. Tulifika jioni, nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi, nikalala bila kumwona mtu.

Asubuhi nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kahawa. Mzee mmoja alikuwa anakuja kwenye njia, jembe begani, koti refu. Nikajua tu ndiye. Nikakimbia, nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu, nikautwaa mkono wake, nikainamisha kichwa kama nilivyofunzwa, nikasema, "Shikamoo, baba."

Aliuchomoa mkono kama amegusa jiko. Nilipoinua kichwa alikuwa tayari amejifunika koti hadi kichwani, amenipa mgongo, anakwenda. Jembe lilikuwa limemwanguka. Basi mimi, mtoto niliyelelewa, ningeacha mzee aondoke bila jembe lake? Nikaliokota nikamfuata. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Nikaita, "Baba, jembe." Akakata katikati ya kahawa, mtu wa umri ule, anakimbia na koti kichwani, nami nyuma yake na jembe, nimefurahi kwamba ana nguvu. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka mtoni walitua ndoo zao chini. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kuna jambo.

Mume wangu aliponiona narudi na jembe akashika kichwa. Akanieleza kuwa kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawapitani njia moja, hawakai pamoja, wala mkwe hatamki jina la mzee. Heshima yenyewe ni kujificha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote tatu za safari. Akasema alisahau. Mwanamume alikuwa anakumbuka kila goli lililofungwa uwanja wa Mkwakwani tangu yuko shule, lakini hilo alilisahau.

Wazee walikaa, jogoo akachinjwa, nikasamehewa. Mimi mwenyewe sikuwepo, maana ningewezaje kuwepo. Aliyeniletea habari alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyeolewa bondeni, mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake chakula nilichopika, kwa vile mimi sikuruhusiwa kukifikisha. Mwanamke mfupi, mweusi, wa maneno machache, na kila neno limepimwa. Alinikalisha siku nzima akinifundisha miiko, mimi naandika kwenye daftari la shule. Ilifika kumi na saba. Nikaikariri kama hesabu za kuzidisha.

Na bado nilikosea. Mwiko ulisema nisikutane naye njiani. Vizuri, nikimwona kwa mbali nilijibanza nyuma ya mti, lakini nimevaa khanga nyekundu inayoonekana toka ng'ambo ya bonde, na mdomo wangu unaimba. Mwiko ulisema nisipite mlangoni kwake. Sikupita, ila nilimwaga maji machafu pale pale ambapo ni lazima apite yeye. Nilitimiza kila kitu, na kila siku mzee wa watu ndiye aliyekuwa akirudi nyuma, akizunguka, akisubiri. Siku moja wifi alilisoma daftari langu, akalifunga, akaniambia, "Wifi, unaukumbuka mwiko. Baba humkumbuki."

Niliudhika. Nilijisemea moyoni kuwa mtu niliyekatazwa kumtazama nitamkumbukaje.

Mwaka wa pili mume wangu akaenda Tunduma. Biashara ilikuwa imefunguka mpakani, kila mwenye miguu alikuwa anavusha kitu, na fundi wa mashine asiye na mashine akaona naye avushe mitumba. Mwanzo alirudi kila wiki mbili. Kisha kila mwezi, kisha sikukuu. Alikuja na maneno mapya. Kila sentensi alimalizia "mukwai", neno la adabu la Wabemba wanaouza na kununua pale, na aliponiita mukwai jikoni kwangu nikajua ameanza kuwa mgeni. Mara ya mwisho aliacha sabuni mche mmoja, hakulala.

Sitaki kuupamba upweke wangu wa miaka ile. Watu walikuwa wema. Waliniletea nguo za kushona, wakapimwa, wakakaa kidogo, wakazungumza Kiswahili kwa ajili yangu kama mtu anayetembea na viatu vya jirani, kisha wakatoka nje na mlangoni kabisa lugha yao ikawarudia na vicheko vikaanza. Ramadhani nilifunga peke yangu kilima kizima. Mwaka wa kwanza wifi alidhani nimekataa chakula chao. Mwaka wa pili alidhani naumwa. Mwaka wa tatu alikuja magharibi na ndizi za kuchemsha, akaziweka, akaondoka. Mtoto sikujaliwa. Kuna siku ziliisha sijasikia mtu akitamka jina langu. Nilichokuwa nataka kujua kilikuwa kimoja tu, na kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: je, juu ya kilima hiki yuko hata mtu mmoja anayejua kuwa nipo?

Kwa kukosa la kufanya nikaanza kumsikiliza mzee. Huo ndio ukweli, haukuwa wema. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yangu, na njia yake ya kutokea ilipita mbele ya dirisha langu, hakuna nyingine isipokuwa ya kushuka mtoni na kuzunguka. Kwanza nikajifunza fimbo yake: mawe matatu ya ngazi, kisha kimya, maana yake amefika kwenye majani. Nikajifunza harufu ya ugoro. Nikajua kwamba akiamka vibaya hukwaruza jembe kwa jiwe muda mrefu kuliko linavyohitaji. Na kikohozi. Alikuwa na kikohozi cha ugonjwa, kikavu, cha alfajiri. Na alikuwa na kingine, kifupi, cha makusudi, alichokitoa alipofika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya ua. Hicho kilikuwa hodi. Nikikisikia, naingia ndani, narudisha mlango, naye anapita.

Sikuhitaji tena daftari. Nilijua yuko wapi kama mama anavyojua mtoto mchanga yuko upande gani wa kitanda. Khanga nyekundu niliigeuza mapazia. Maji machafu nikamwaga upande wa pili, na hakuna aliyeniambia. Na jambo lingine likatokea ambalo sikulitegemea: ninapokuwa nasikiliza, siwazi Pangani. Siwazi Tunduma. Akili yangu, ambayo kwa kawaida huzurura kama kuku wa jirani, ilikuwa inatulia pale katika ua ule ule, saa ile ile, kwenye fimbo na mawe matatu. Nikichoka kusikiliza, huzuni inarudi ilipokuwa. Lakini ilikuwa imepumzika, nami nimepumzika.

Bado niliamini kwamba ninayesikiliza ni mimi peke yangu. Kwa mzee nilidhani mimi ni mwanamke wa jembe tu, aibu aliyopewa kuishi nayo.

Ilikuwa masika ya mwaka wa tano. Wifi alikuwa amekwenda Tunduma kuuza maharage, akarudi, akaja kwangu kabla ya adhuhuri hata hajatua mzigo. Aliniambia akiwa amesimama. Kaka yake ana nyumba upande wa Zambia, ana mke, ana mtoto anayetembea. Nikamuuliza mtoto ana umri gani. Akasema anatembea na anaongea. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba mtoto yule alizaliwa wakati mimi nawekewa sabuni mezani. Nikamuuliza swali moja zaidi: baba anajua? Wifi akatazama chini, akasema baba alijua tangu mwaka jana.

Alipoondoka nikatoa mguu kwenye cherehani. Hasira yangu ilikuwa inatafuta mtu, na mtu aliyekuwepo alikuwa mmoja. Kwa hiyo yule mzee, ambaye namsikiliza usiku na mchana kama redio, amekaa mwaka mzima na siri yangu. Kwa heshima gani? Nikatoka nikaketi kizingitini kwangu, mlango wazi, miguu nimeinyoosha hadi kwenye njia.

Saa nane mawingu yakashuka. Nikasikia fimbo kutoka upande wa kahawa, kisha majani, kisha kikohozi kile kifupi kwenye mgomba wa mwisho. Nilijua maana yake kuliko ninavyojua adhana. Nilipaswa kuinuka, kuingia, kurudisha mlango. Sikuinuka.

Akakohoa tena.

Niliwaza: apite. Anione. Atazame walichonifanyia.

Akakohoa mara ya tatu, taratibu zaidi, kama mtu anayeomba radhi. Kisha kimya, na mvua ikaanza, ile mvua ya Ileje isiyo na salamu, inayomwagwa. Nikavuta miguu ndani, lakini mlango niliuacha wazi, nikabaki pale pale kizingitini. Nilijiambia atashuka kwa binti yake bondeni. Nilijua njia ya bondeni siku za mvua ni utelezi mtupu, kijana anaishuka kwa makalio. Nilijua, na bado nikajiambia hivyo.

Saa kumi na moja wifi akapanda na chakula cha baba yake, na nikamsikia akipiga kelele nje. Alikuwa amemkuta chini ya mgomba, amesimama, koti limelowa hadi linatiririka, meno yanagongana. Ndipo nikaingia ndani nikafunga mlango. Niliwasikia wakipita mbele ya dirisha langu, hatua zake fupi fupi, fimbo haigusi chini. Baadaye wifi akarudi kwangu. Nilijua atanigombeza kwa kukaa mlangoni, nikawa nimeandaa majibu yangu yote, na ya Kipangani si machache.

Hakunigombeza. Alisema, "Tangu saa nane baba amesimama pale. Alikuwa anasubiri cherehani."

Nikauliza cherehani gani.

"Chako," akasema. "Ulidhani ni wewe tu unayesikiliza? Kikilia anajua uko ndani, umempa mgongo, anapita bila kukusumbua. Kikinyamaza anakohoa. Sasa kikinyamaza chenyewe na ukanyamaza na wewe, apite wapi?"

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia tangu wiki ile ya jembe. Mzee alikuwa amepanga siku zake zote kwa mlio wa cherehani changu. Kuota jua, kuchota maji, kwenda kwa rafiki yake kunywa chai, vyote vilifanyika ninaposhona. Alijua siku ninazoshona haraka kwa sababu ya sikukuu. Alijua siku ninazokanyaga kidogo na kuacha, kidogo na kuacha, na siku hizo alikuwa akimwambia binti yake apande aje kunitazama. Zile ndizi za Ramadhani zilikuwa za kwake. Habari ya mume wangu aliizuia mwaka mzima akiwa anatuma watu Tunduma kumrudisha mwanawe kabla sijajua, na mwanawe amekataa.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilikuwa nimelisema hilo mara mia tangu utotoni bila kulijua. Nilikuwa nimekaa miaka mitano nikilia kwamba hakuna anayejua kuwa nipo. Na mtu mmoja tu aliyejua kila dakika nilipo, ndiye niliyemsimamisha mvuani kwa makusudi, kwa kuitumia heshima yake kama kamba ya kumfungia.

Akashikwa na kichomi. Wanaume walimbeba hadi zahanati, wakamrudisha, akalala wiki tatu. Sikuweza kumuuguza. Sikuweza kuingia, kumgeuza, kumfuta jasho, wala kumwambia nisamehe baba. Nikapika uji na wifi akaupeleka. Kisha nikafanya kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikatoa uzi kwenye sindano, nikaondoa nguo za watu, nikakanyaga cherehani kitupu. Asubuhi, mchana, hadi taa. Kwa mtu anayepita njiani nilikuwa fundi mwenye kazi nyingi. Hapakuwa na hata kitambaa. Nilitaka tu alipolala ajue niko wapi. Mara nyingine katikati ya mlio nilisikia kikohozi kutoka nyuma, kile kikavu cha ugonjwa, na nilikanyaga polepole hadi kiishe.

Wiki ya nne alianza kutembea. Siku moja nilikuta dirishani kwangu kichupa cha mafuta ya cherehani kimeviringishwa kwenye gazeti. Wifi akanieleza kwamba baba yake alikwenda mwenyewe hadi madukani Itumba, amepumzika njiani mara nne, na alikataa kumtuma mtu kwa vile angenunua mafuta ya baiskeli. Alikuwa amesema cherehani kinalalamika upande wa chini, na kwamba mwenye cherehani ana mawazo, hasikii.

Nikainama nikasikiliza. Kweli, kanyagio lilikuwa linalia. Mimi fundi, mguu wangu juu yake kila siku, sikuwa nimesikia. Nikakitia mafuta nikilia, machozi mengine yakaingia humo humo kwenye mashine.

Kaka yangu aliandika nirudi Pangani. Nikamjibu nitarudi mvua zikiisha. Mvua ziliisha mara nyingi. Talaka sikupewa na sikuidai; mume wangu alibaki kuwa jina ambalo watu wa huku walilitamka kwa sauti ya chini mbele yangu, nami sikuwakataza. Niliulizwa kwa nini sikuondoka, na kila mara nilitoa jibu tofauti. Jibu lenyewe ni kwamba Pangani wangenisalimia wote, barabara nzima, na hakuna ambaye angesikia kanyagio.

Miaka ya karibuni nimeitwa mara moja kwenye semina, wilayani, ya watu watakaopelekwa kufanya kazi ugenini, vijana wenye mikoba ya kompyuta. Walisikia habari za jembe, wakaona ninafaa. Mwezeshaji akasimama na kalamu nene kwenye karatasi kubwa, akaniomba niwatajie mambo ya kuzingatia mtu anapoishi na watu wa mila nyingine. Nikamwambia daftari langu lilikuwa na mambo kumi na saba na lote lilikuwa sahihi, na nikiwa nimelikariri lote nilikuwa namwagia mzee maji machafu njiani. Akacheka, akaandika namba moja, akasubiri. Nikawaambia wakifika huko wanyamaze kwanza, si kwa adabu, bali wasikie ni nani anakohoa. Hakuandika. Chakula kilikuwa kizuri.

Mzee alipoanza kupofuka, ilikuja polepole, ukungu katika jicho moja kisha la pili. Hatimaye aliketi mbele ya nyumba yake mchana kutwa, uso kwenye jua, haoni hata mkono wake. Majirani wakaniambia sasa mambo yamekuwa rahisi, nipite tu, hanioni. Hata wifi, aliyenifundisha mwiko, alisema siku moja kwa uchovu, "Haoni, wifi. Pita." Nilikuwa nimebeba ndoo kichwani, na njia ya mbele ingeniokolea mwinuko mzima.

Nilizunguka nyuma ya migomba. Sikuzunguka kwa sababu ya macho yake. Mtu aliyenijua kwa masikio miaka yote ile, ningempita mbele kwa kuwa macho yamekufa? Wifi alinitazama nikizunguka, na tangu siku hiyo sikumsikia akinifundisha tena mwiko wowote.

Siku chache baadaye akaja kwangu na neno kutoka kwa baba yake. Alikuwa ameuliza mkwe wake ameumia nini mguu wa kushoto. Nilikuwa nimekanyaga mwiba shambani, juzi yake. Sikumwambia mtu, kwani ningemwambia nani. Nilifunga kitambaa nikaendelea na kazi. Watu wanane walikuja kupima nguo siku hizo mbili na kunitazama usoni. Kipofu aliyeketi nyuma ya nyumba yangu, ambaye hajawahi kunitazama usoni, ndiye aliyesikia kwamba ninazunguka migomba kwa mguu mmoja na nusu. Alituma nikande kwa maji ya chumvi. Nilikanda, ukapona.

Alifariki kiangazi, kahawa imeiva. Ua ulijaa watu hadi kwenye mashamba. Wanawake walilia nyumbani kwake nyuma, wakaingia kumtazama mara ya mwisho, wakatoka. Mimi nilibaki chumbani kwangu, mlango umefungwa, kama ipasavyo. Cherehani nilikuwa nimekifunika shuka tangu habari ilipotoka, maana msibani hakuna anayeshona. Niliketi kitandani nikisikiliza. Nikasikia misumari. Nikasikia wimbo wa kanisani ukianza, ukisogea, miguu mingi mizito ya watu waliobeba. Kisha wimbo ukakatika na miguu ikasimama.

Walikuwa hawajafika dirishani kwangu.

Wifi akaingia kwa mlango wa nyuma, kichwa wazi, macho yamevimba. Nikamuuliza kwa nini wamesimama, jua linazidi. Hakunijibu hilo. Alikwenda kwenye cherehani, akalivuta shuka, akanisogezea kiti.

"Kanyaga, wifi," akasema. "Baba anataka kupita."

Nikakaa. Sikutia uzi.